Mama wa Nyumba ya Geti Analia Nini?

Dar es Salaam hakuna pongezi inayotolewa kwa moyo mkunjufu kama ile ya "hongereni, mmehamia kwenu." Na watu wameitolea jasho. Wamepanga miaka na miaka, wamelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wamehamishwa kwa sababu mwenye nyumba anamtaka mtoto wake akae hapo, na muda wote huo baba alikuwa anadunduliza: msimu huu tofali, msimu ujao bati. Siku Fuso linapopakia makochi kuelekea Chanika, Msongola, Kivule au Vikindu, wapangaji wenzao wanasimama barazani kuwaaga huku wivu kidogo ukiwachoma. Madirisha bado ni nyavu tupu na plasta imefika chumba kimoja, lakini ni kwao. Waliojaliwa wanamalizia na ukuta na geti.

Mama naye anapongezwa. Miezi sita baadaye akianza kukonda, akawa mkali kwa watoto, mchana analala na usiku anakodolea macho dari, maelezo hayakosekani. Ana gubu. Ana jini. Hana shukrani, wenzake wanalilia kiwanja. Kanisani ataambiwa afunge, kwa shehe atasomewa, na kwenye kikoba, kama bado yumo, wataambizana kwamba mume ana mchepuko.

Nadhani huzuni nyingi ya akina mama wa nyumbani mijini inatengenezwa na mpango wa maisha ambao sisi wenyewe tunaupigia vigelegele. Tumemtoa mama kwenye msaada wa watu wengi, tukamwachia kazi zote za zamani, tukamkata na kipato chake kidogo, halafu tukaita hayo maendeleo. Anapolia tunamkagua yeye. Mpango wenyewe haukaguliwi.

Sitaki kuipamba Uswahilini. Nyumba ya vyumba sita, familia sita, choo kimoja, ugomvi wa LUKU usiokwisha, na habari zako zinamfikia muuza samaki kabla hazijakufikia mwenyewe. Lakini mle mama hakuachwa peke yake na mtoto kutwa nzima. Alimsukumia jirani wa chumba cha pili akakimbia gengeni. Alipika huku anasukwa. Mzazi akitoka hospitali, palikuwa na wa kumchemshia maji ya kumkanda, wa kuleta uji wa pilipili manga, na bibi mmoja mkali wa kuhakikisha arobaini inakaliwa kama inavyotakiwa. Wengi walikuwa na kitu cha kuuza pale pale mlangoni: vitumbua asubuhi, barafu za ubuyu mchana, mihogo ya kukaanga jioni. Faida ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa fedha isiyoombwa kwa mtu.

Kule pembezoni mteja hayupo. Nyumba ya jirani iko viwanja vitatu mbele, na katikati kuna mapagale na majani. Mama mkwe yuko Tanga, mama mzazi yuko Mbagala, na kutoka getini hadi kituo cha daladala ni bodaboda.

Jirani yangu wa zamani, tuliyepanga naye Tandika, ndiyo maisha yake hayo. Mumewe anauza spea mtaa wa Gerezani, mjini. Si mlevi, hampigi, anaondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku, maana foleni ndiyo inayompangia. Kila asubuhi anaacha elfu kumi chini ya chupa ya chai. Nilipomtembelea, mtoto wa mwisho alikuwa amemng'ang'ania kanga, tivii inaongea peke yake sebuleni, uji umeungulia jikoni na yeye wala hakushtuka. "Shoga yangu," akaniambia, "siku hizi hata mtu wa taka akigonga geti nafurahi. Namshika maongezi mpaka yeye ndiye anaaga." Tukacheka. Kisha akasema: "Sipigwi, silali njaa, watoto hawaumwi. Sasa nalia nini? Nikimwambia mama ataniona chizi."

Swali hilo lina historia ya kiutafiti ndefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1978 watafiti George Brown na Tirril Harris walichapisha matokeo ya kazi yao miongoni mwa wanawake wa Camberwell, kusini mwa London. Walitaka kujua kwa nini wanawake wawili wakifikwa na pigo la aina moja, mmoja anatumbukia kwenye sonona, huzuni nzito isiyoondoka, na mwingine anayumba tu kisha anasimama. Walitaja mambo manne yanayomwacha mwanamke bila kinga: kumpoteza mama kabla hajafikisha miaka 11, kuwa na watoto watatu au zaidi wa chini ya miaka 14 nyumbani, kutokuwa na kazi nje ya nyumba, na kukosa mtu wa karibu wa kumweleza ya moyoni. Ondoa hilo la kwanza. Matatu yanayobaki yanaweza kuandikwa kwenye geti la nyumba nyingi za Chanika.

Baadaye, katika kazi aliyoichapisha na wenzake mwaka 1995, Brown aliuliza ni pigo la namna gani hasa linalomwangusha mtu. Mazoea yalikuwa kudhani ni kupoteza: kufiwa, kuachwa, kufukuzwa kazi. Kilichoonekana ni kwamba kupoteza peke yake hakuna nguvu kama pale kunapoambatana na kudhalilishwa, au na kujiona umebanwa mahali usipoweza kutoka. Jeremy Broadhead na Melanie Abas walipofuata njia hiyo hiyo ya uchunguzi Harare miaka ya 1990, karibu mwanamke mmoja kati ya watatu alikuwa amepata sonona au wasiwasi uliopitiliza ndani ya mwaka mmoja, na simulizi zao zilijaa ndoa zilizovurugika, maradhi ya ndugu, fedha zilizokata, na kubanwa kule kule. Kwa hiyo anayetuambia kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu wenye muda wa kujifikiria, Harare ni mji wa Kiafrika na wale hawakuwa matajiri.

Kubanwa kwenyewe hakuhitaji kufuli. Rudi kwenye ile elfu kumi. Inatoa unga, dagaa, nyanya fungu moja, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo na maji. Mama akitaka kwenda kumwona mama yake Mbagala, bodaboda kwenda na kurudi, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na kitu cha mkononi, maana huendi kwa mama mikono mitupu, anakuwa amekula mboga ya watoto. Basi anaomba. Na kuomba kunafuatwa na kuulizwa: si ulikwenda mwezi uliopita? Huko kuna nini? Mtu mzima, aliyekuwa na wateja wake na daftari lake la madeni, anaomba nauli na kueleza anakokwenda. Hakuna ukatili wa kupeleka polisi hapo. Mume anaweza hata kuwa anauliza kwa upole. Hali yenyewe ndiyo inayomdhalilisha, na inajirudia kila wiki.

Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba kwa wastani mwanamke hutumia saa 4 na dakika 25 kwa siku kwenye kazi za malezi na nyumbani zisizolipwa, na mwanamume saa 1 na dakika 23. Takwimu hizi hutolewa kila Siku ya Wanawake na kusahaulika wiki inayofuata. Mimi huziangalia pamoja na sheria zetu, kwa sababu humo ndimo unapoona mama anahesabiwa lini.

Anahesabiwa mambo yakishaharibika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, kwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Ni hukumu kubwa. (Bi Hawa mwenyewe hakutoka na kitu, maana mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia alizitapanya. Wanaoitaja hukumu hiyo kwenye semina huwa wanaliruka hilo.) Lakini inafanya kazi siku ndoa inapovunjwa. Ndoa ikiwa hai, jasho la mama halina pa kuandikwa. Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu nacho kinakiri kwamba akili ya mwanamke inaweza kuyumba kwa sababu hajapona sawasawa athari za kujifungua au kunyonyesha. Kinakiri hayo mtoto akiwa ameshakufa mikononi mwa mama yake, ili mama asihukumiwe kwa kosa la mauaji ya kukusudia. Na kifungu cha 217 kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya wana kifungu cha aina hiyo, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikasema kinapingana na Katiba. Sisi bado mama anayenong'ona kwamba amechoka kuishi anaweza, pamoja na aibu, kuogopa na polisi.

Kabla ya kufika huko, mama huyu amepita mbele ya serikali mara nyingi. Anamfahamu muuguzi wa kliniki kuliko shemeji zake. Chanjo ya wiki 6, ya 10, ya 14, miezi 9, miezi 18, na katikati kupima uzito mwezi baada ya mwezi. Mtoto ananing'inizwa kwenye mzani, analia, kilo zinaandikwa kwenye kadi. "Mama, mtoto yuko vizuri, ongeza karanga kwenye uji." Anayefuata! Aliyemzaa, anayemnyonyesha, anayekoroga uji huo, anarudi nyumbani bila kuulizwa hata "wewe unalala?" Wakati Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua, asilimia 19.8, anapata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kipimo cha maswali kumi kilichotengenezwa Edinburgh kwa ajili ya mama aliyejifungua kipo tangu 1987. Hakihitaji sindano wala mashine, na kinachukua kama dakika tano. Kile kingine cha maswali tisa kinachotumika kwa watu wazima wote kina toleo la Kiswahili lililojaribiwa hapa Afrika Mashariki. Foleni ni ndefu na wauguzi ni wachache, najua. Ila foleni hiyo hiyo mama anakaa saa tatu kwenye benchi bila la kufanya.

Akijitetea mwenyewe, anajitetea kwa mwili. Hasemi "nina huzuni". Anasema kichwa kinawaka moto, mgongo unauma, moyo unaenda mbio, usingizi hauji. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa taifodi na UTI, na nani nchi hii alishapima UTI akakosa? Anarudi na mfuko wa dawa. Mwezi ujao yuko pale pale na kichwa chake, na daktari mwingine anampa mfuko mwingine.

Kwamba inawezekana kufanya vingine, Pakistan walishaonyesha. Vijijini Rawalpindi, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wasio madaktari, namna ya kuzungumza na mama mwenye sonona wakati wa ziara zao za kawaida za nyumbani. Matokeo yalichapishwa 2008: mtoto alipofika miezi 6, akina mama waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, na kwenye kundi lililotembelewa tu bila mazungumzo hayo walikuwa asilimia 53. Walifanya ujanja mmoja ninaoupenda na kuuchukia kwa pamoja. Mlangoni walijieleza kwamba wamekuja kwa ajili ya afya ya mtoto, ili mume na mama mkwe wasikatae. Inafanya kazi, na inakuonyesha pia kwamba hata tiba ya mama lazima iingie ndani kwa tiketi ya mtoto.

Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kupata zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Watu wenyewe watakuwepo, basi, na watagonga mageti. Wakifika kuuliza kuhusu vyandarua na chanjo tu, nafasi hiyo itakuwa imepotea na hatutaipata tena kirahisi.

Hapa nataka kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya, wema na wabaya. Sonona ni ugonjwa. Mama aliyepoteza hamu ya kila kitu wiki mbili mfululizo, asiyelala, asiyeweza kumshika mtoto wake bila kuona mzigo, anahitaji kwenda hospitali, na akitaja kufa aende siku hiyo hiyo akiwa amesindikizwa. Kumwambia atafute biashara ya kumchangamsha ni kumtupa. Lakini hamu ya kutaka maisha mapana kuliko jiko na kamba ya kuanikia nguo haina ugonjwa wowote ndani yake, na haiponi kwa kidonge. Ukimpa dawa akalala usingizi mzuri, ataamka na akili timamu kabisa akiwa bado anataka kutoka.

Hamu hiyo tulimfunda asiwe nayo. Nimekaa kwenye kicheni pati za kutosha. Bi harusi anazungushiwa majaba, masufuria, hotpoti na jiko la gesi, na wanaomfunda wanapokezana: vumilia, mume ni mtoto wa kwanza, siri ya nyumbani isitoke nje. Bado sijahudhuria hata moja ambako somo alisimama akamuuliza binti ana akaunti yake benki, au akizaa na kuacha kazi atarudi lini na kwa njia gani. Tunampa vyombo vya kumweka jikoni miaka thelathini na hatumpi hata neno moja la namna ya kutoka.

Kazi nayo si dawa ya moja kwa moja. Mama mwenye ajira ana siku 84 za likizo ya uzazi kwa sheria ya 2004, kisha anarudi ofisini akiwa amevimba matiti, na jioni zamu ya pili ya nyumbani inamsubiri. Anayemwezesha kwenda ni dada wa kazi, binti wa Singida au Iringa anayelala chumba cha stoo, asiye na saa ya kutoka, na mara nyingi na yeye ana mtoto amemwachia bibi kijijini. Tusidanganyane kwamba huyo amekombolewa. Tumemhamishia yeye kule kubanwa, na kwa malipo ambayo mwajiri wake asingeyakubali hata kwa wiki. Ukombozi wa mama mmoja unaolipwa na usingizi wa mama mwingine siwezi kuupigia makofi, ingawa naelewa kwa nini upo.

Mikopo ya halmashauri je? Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024 baada ya fedha nyingi kuliwa na vikundi hewa. Ni mpango mzuri kwa aliye na kikundi. Mama wa nyumba ya geti hana kikundi. Hajui jina la mama wa kiwanja cha tatu. Mlango wa kuingilia kwenye msaada huo umejengwa pale pale alipokatikia yeye, kwenye kufahamiana na watu.

Kuhusu akina baba, sitawatukana. Yule wa Gerezani anaamini kwa dhati kwamba nyumba ile ni zawadi aliyompa mkewe, na ni zawadi kweli. Sheria ilimpa siku 3 za kukaa na mzazi na mtoto, akazitumia kukimbizana na bima na kununua maji ya boza. Hajawahi kukaa kutwa nzima mle ndani peke yake na watoto watatu. Anachokijua ni nyumba ya saa tatu usiku, watoto wamelala na chakula kimefunikwa.

Mkewe anachotaka wala si kikubwa. Anataka meza na jiko la mkaa pale Chanika Mwisho, auze vitumbua na chai kuanzia alfajiri mpaka saa nne asubuhi, kisha arudi kupika mchana. Ameshapiga hesabu, mtaji hauzidi laki mbili. Shangazi wa mume anakaa kituo cha pili na amekubali kumshika mtoto. Mwaka kesho anataka kujiandikisha kwa mtihani wa QT, ule wa walioishia njiani shuleni, aimalizie sekondari aliyoiachia kidato cha pili. Mume kakataa, na kwa muda alisingizia mtoto. Alipobanwa na shangazi mwenyewe, akasema ukweli: watu watasema kajenga, kaweka geti, na mkewe bado anauza vitumbua barabarani kama wapangaji. Heshima yake mbele ya wanaume wenzake wa Gerezani imejengwa juu ya mke anayekaa ndani, na hilo haliko kwenye sheria yoyote wala kwenye kipimo cha maswali kumi. Wanaume wana vikao vyao, vya misikitini, vya jumuiya, vya vijiwe vya kahawa. Humo sijasikia bado mtu akiliweka mezani.